Kruza ya silinda moja: unanunua injini au unanunua umbo?

Kila anayefikiria kununua kruza ndogo huuliza kwanza kama ina nguvu ya kutosha. Swali hilo lina jibu, na si refu. Shida ni kwamba ukiamua kwa jibu hilo peke yake utakuwa umechunguza sehemu ya pikipiki isiyo na siri na kuiacha ile yenye siri nyingi. Injini ya silinda moja tunaijua, tunapanda juu yake kila siku. Umbo la kruza hatulijui sana, na umbo ndilo linaloongezewa bei.

Tunazungumzia pikipiki yenye siti ya chini, usukani mpana unaorudi nyuma kumfuata dereva, vikanyagio vilivyosogezwa mbele, uma wa mbele uliolala na tairi nene la nyuma. Umbo hilo lilikulia Marekani, kwenye barabara pana zilizonyooka, likiwa limebeba injini kubwa za silinda mbili. Kruza ndogo inalichukua lilivyo na kulikalisha juu ya injini ya silinda moja, mara nyingi ya kati ya cc 150 na 350. Bajaj Avenger ya India ilitoka mwaka 2005 ikiwa na cc 180, ikifuata nyayo za Eliminator ambayo Bajaj walikuwa wameitengeneza pamoja na Kawasaki, na mwaka 2010 ikafika cc 220. Honda Rebel 300 ilikuja mwaka 2017. Royal Enfield Meteor 350 ilizinduliwa Novemba 2020. Hizo tatu zitatutosha kama mifano, kwa sababu kila moja imekata shauri lake tofauti na wenzake.

Wanaotafuta mtumba wa Japani wawe macho hapa. Rebel 250 ya zamani na Rebel 300 wanashirikiana jina tu: ile ya zamani ina cc 234 na silinda mbili zilizosimama sambamba. Yamaha Virago 250 nayo ni silinda mbili, zimepangwa kwa umbo la V. Ni pikipiki nzuri, ila mengi nitakayosema kuhusu mtikisiko hayazihusu.

Nguvu, tuimalize

Boxer ya cc 150 hutoa nguvu farasi kama 12. Avenger 220 hutoa 19, Meteor 20, na Rebel 300 kama 26. Ukiangalia namba hizo tu utasema Rebel imewaacha wenzake mbali, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu nguvu farasi ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikizidishwa kwa mizunguko. Meteor ina silinda yenye kipenyo cha milimita 72 na pistoni inayosafiri milimita 85.8. Ni silinda nyembamba na ndefu. Rebel ina kipenyo cha 76 na safari ya 63, pana na fupi. Pistoni yenye safari ndefu haipendi kukimbizwa, lakini inavuta mapema: Meteor hutoa torki yake ya juu, Nm 27 (Nm ndicho kipimo cha torki), kwenye mizunguko 4,000 tu kwa dakika. Torki ya Rebel haiko mbali na hiyo, lakini ili uipate lazima upite mizunguko 6,000. Kwenye foleni ya Mwenge au ya Thika Road, ambapo unaishi kwenye gia ya pili na ya tatu, dereva wa Meteor hafanyi kazi kubwa. Dereva wa Rebel ana nguvu zaidi kibindoni, lakini ataipata akiikamua injini na kubadili gia mara nyingi zaidi.

Kisha kuna upepo. Nguvu inayohitajika kuusukuma huongezeka kwa mchemraba wa mwendo, yaani ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini kazi ya kupasua upepo imekaribia kuwa maradufu. Kwa hesabu ya kukadiria, dereva aliyekaa wima kifua wazi, kama kruza inavyomkalisha, anahitaji farasi kama 7 zinazofika kwenye tairi ili aende 80, na kama 13 ili aende 100. Ongeza zile zinazopotea njiani kwenye gia na cheni, na utaona mwenyewe ukuta wa injini ya farasi 20 uko wapi: kilomita 110 na kitu kwa saa. Ndiyo maana kruza hizi hukimbia vizuri kwenye 80 au 90, halafu zinaanza kulalamika. Wala si ubovu. Ni upepo.

Wa nyanda za juu wapunguze tena. Nairobi na Mbeya ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, kwa hiyo farasi 20 za Dar es Salaam zinakuwa 17 ukifika Mbeya. Kwenye tambarare hutaumia sana kwa kuwa upepo nao umepungua uzito. Kwenye mlima utaihisi. Hata hivyo, kwa mlima kama Kitonga, pikipiki yenye farasi hizo na watu wawili itapanda kwa gia ya tatu bila kukwama, na malori yaliyo mbele yako hayatakuruhusu ukimbie kuliko hapo.

Jibu ndilo hilo basi. Kwa barabara zetu nguvu inatosha. Sheria ya Tanzania inakutaka uende 50 unapopita kwenye makazi, na vijiji vimejipanga kando ya barabara kuu karibu kila baada ya kilomita chache, kila kimoja na askari wake wa tochi ya kupimia mwendo. Anayehitaji kulala kwenye 120 saa tatu mfululizo atafute silinda mbili, na atafute pia barabara ya kufanyia hivyo.

Mtikisiko

Pistoni moja ikipanda na kushuka haina mwenzake wa kuisawazisha. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inageuza mwelekeo mara 200 kwa sekunde, juu na chini, na kila ikigeuka uzito wake unaitikisa fremu nzima. Watengenezaji wana dawa: shafti ya kusawazisha, iliyoungwa kwa gia na krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inayozunguka kwa kasi ileile lakini kinyume, na yenye uzito unaovuta kule ambako pistoni haivuti. Royal Enfield za cc 350 za kizazi kilichotangulia hazikuwa nayo. Meteor inayo, na aliyeendesha zote mbili hahitaji kuelezwa kitabuni tofauti yake.

Shafti hiyo haiondoi mtikisiko wote. Unaobaki huchagua mahali pa kutokea: kwenye injini moja unakuja kwenye mikono ukifika 85, kwenye nyingine unakuja kwenye vikanyagio. Cha kutazama siku ya kujaribu ni vioo. Kuna mwendo ambao taa za gari lililo nyuma yako zinageuka ukungu kwenye kioo. Ukiwa ndio mwendo wako wa kila siku, pikipiki hiyo haikufai, hata kama muuzaji ni binamu yako.

Kwa upande wa matengenezo sina la kumfundisha msomaji wa Afrika Mashariki. Boxer, TVS, SanLG, Fekon, zote ni silinda moja, na fundi wa chini ya mwembe ameshafungua nyingi kuliko injinia mwingi wa kiwandani. Jambo moja tu: injini hizi hubeba oili kidogo, nyingi lita moja na kitu, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi, na kwenye Avenger 220 na Meteor inasaidia pia kupooza injini. Ikichelewa kubadilishwa haina pa kujificha. Rebel yenyewe ina maji na rejeta, jambo zuri kwenye foleni ya jua kali, lakini ni rejeta, mipira na feni ambazo fundi wako wa bodaboda hakuzizoea.

Sasa umbo

Anza na siti. Avenger ina kimo cha milimita 737 kutoka chini, Rebel 690, Meteor 765. Pikipiki nyingi za kawaida za barabarani ziko kati ya 780 na 810. Kwa mtu mfupi tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama anaendesha pikipiki au anaogopa kila taa nyekundu. Miguu yote miwili inafika chini, kisigino na vidole, na uzito wa pikipiki uko chini hivyo haikuelemei ukisimama kwenye mteremko. Nimewaona akina dada ambao walishaambiwa kwamba pikipiki si zao, wakapanda kruza na mjadala ukaishia hapo. Kama kuna sababu moja ya maana ya kuinunua kruza ndogo, kwangu ni hii, na inaishinda ile ya kupendeza mbele ya kioo cha duka.

Lakini uchini huohuo una gharama, na jina la gharama hiyo ni matuta. Avenger 220 ina nafasi ya milimita 169 kati ya tumbo lake na ardhi, Meteor 170. Namba hizo zimepimwa pikipiki ikiwa haina mtu. Mkikaa wawili, shokapu zinazama, na sentimita kadhaa zinapotea kabla hujatoka getini. Zaidi ya hapo, urefu kati ya magurudumu ya Avenger na ya Rebel ni milimita 1,490. Kadiri magurudumu yanavyoachana ndivyo tuta linavyopata nafasi ya kuinuka katikati yao, gurudumu la mbele likiwa limeshuka upande wa pili na la nyuma halijapanda, na bomba la moshi au fremu ndiyo inayolipokea. Tuta la lami lililochongwa kwa kipimo halina neno. Tuta la wananchi, lile la udongo na zege lililomwagwa usiku baada ya mtoto kugongwa, hilo halijui milimita. Meteor ina afadhali kidogo kwa kuwa magurudumu yake yameachana kwa milimita 1,400, na la mbele lina inchi 19, hivyo linapanda vitu badala ya kuvigonga.

Kisha kuna uti wa mgongo wako. Angalia dereva wa bodaboda mzoefu anavyovuka shimo: ananyanyua makalio kidogo, magoti yanakuwa shokapu ya ziada. Anaweza kwa sababu vikanyagio viko chini yake. Kwenye kruza miguu iko mbele, na huwezi kusimamia kitu kilicho mbele yako. Kila kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye mfupa wa mkia. Shokapu za nyuma za kruza nazo, kwa sababu siti imeshushwa, hazina safari ndefu ya kushuka. Siti yenyewe ni pana na laini, dukani utaisifia. Saa moja na nusu baadaye, kwenye vumbi lenye mawimbi, ulaini huo hautakuwa na msaada. Mtu ambaye nusu ya safari zake ni barabara ya changarawe kwenda shamba au kijijini, ushauri wangu ni aache. Sisemi afikirie mara mbili. Aache.

Uma uliolala na magurudumu yaliyoachana vinaifanya pikipiki inyooke yenyewe kwenye barabara ndefu, na hapo ndipo raha yake ilipo, hasa jioni kwenye lami tupu. Kwenye kona ya ghafla au kugeuza kwenye uchochoro, inataka nafasi na subira. Ukiilaza sana, kikanyagio kinachubua lami. Mara ya kwanza utashtuka. Ni onyo tu, lakini onyo la kweli, kwa sababu baada ya kikanyagio kinafuata chuma kisichokunjika.

Breki zake zinafanya kazi tofauti kidogo na ulivyozoea. Pikipiki fupi ya juu ikifunga breki, uzito unakimbilia mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi. Kruza ndefu ya chini haiinami hivyo, kwa hiyo breki ya nyuma ina msaada mkubwa kuliko kwenye Boxer. Ya mbele bado ndiyo kuu. India tangu Aprili 2019 inalazimisha kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 kuwa na ABS, yaani mfumo unaozuia tairi lisigande ukikamata breki kwa nguvu, lakini zinazotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje si lazima zifuate sheria hiyo. Usimuulize muuzaji, angalia mwenyewe: karibu na diski ya mbele kuwe na ringi ndogo yenye matundu, na waya mwembamba unaoifuata.

Wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa nao wana la kwao. Kruza hupambwa kwa kromu nyingi, kwenye bomba la moshi, vioo, usukani, hata boliti. Hewa ya chumvi inaila kromu hafifu kwa miezi michache. Kama unaishi karibu na bahari, chagua toleo lililopakwa rangi nyeusi, au uwe mtu wa kitambaa na mafuta kila Jumapili.

Spea: mahali injini na umbo vinapoachana

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika kwa kusikia nusu ya ukweli. Muuzaji wa Avenger atakuambia injini yake inatoka kwenye familia ya Pulsar, na hasemi uongo. Ringi, plagi, klachi, vyote hivyo vina ndugu. Lakini uliza kitu cha umbo. Tairi la nyuma ni 130/90 la inchi 15, wakati maduka yetu yamejaa tairi za inchi 17 na 18 za bodaboda. Kebo za klachi na mafuta ni ndefu kuliko za kawaida kwa sababu usukani umerudi nyuma. Tanki, madigadi, taa ya mbele, stendi, hivyo vyote ni vya kwake peke yake. Na ni vitu gani vinavyovunjika pikipiki ikianguka? Haivunjiki pistoni. Inavunjika taa, kioo, pedali ya breki na tanki. Injini inaweza kuwa ya mtaani na pikipiki bado ikakaa gereji wiki sita ikisubiri kitu cha kufungia breki.

Kwa hiyo kabla hujamwendea muuzaji, pita kwanza Kariakoo au kwenye duka lako la spea na uulizie vitu vitatu kwa jina na kipimo: tairi la nyuma, kebo ya klachi, pedi za breki. Usitaje kwamba unataka kununua pikipiki. Jibu la "tunaweza kuagiza" lihesabu kama hapana, kisha amua kama unaweza kuishi na hapana hiyo.

Matumizi yako nayo yana kauli. Kwa biashara ya bodaboda sioni hoja: siti ya abiria ni fupi, mara nyingi imeinuliwa juu ya ya dereva, mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ndio kabisa hauwezekani, na mtungi wa gesi hauna pa kukaa. Kwa mtu anayekwenda kazini peke yake, kilomita 15 au 20 za lami kila upande, na mara mojamoja anatoka mjini kwenda Bagamoyo au Naivasha, inafaa kuliko pikipiki nyingi za bei yake. Mwenza wako akiwa ndiye abiria wa kila siku, mpeleke naye siku ya kujaribu, na mzunguko huo upite kwenye tuta baya kuliko yote mnayoyajua. Maoni yake baada ya tuta hilo yana uzito kuliko makala hii.

Leseni isisahaulike. Tanzania, daraja A1 linaishia cc 125. Juu ya hapo unahitaji A. Wengi walioanza na pikipiki ndogo hugundua hilo wakati bima inakataa kulipa.

Ukinunua iliyotumika, ikute injini ikiwa ya baridi. Mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja karibu na injini kuhakikisha. Iwake na isikilizwe: mlio wa cheni ndogo kichwani mwa injini ambao hauishi baada ya dakika moja ni pesa, moshi wa bluu ni pesa zaidi. Chungulia chini. Fremu na bomba la moshi zenye mikwaruzo mirefu zinakuambia pikipiki hiyo imekuwa ikiishi kwenye matuta ya aina gani, jambo ambalo mwenyewe hatakwambia. Spoki zilizolegea kwenye gurudumu la nyuma zinasema hivyohivyo.

Bei ya kuuza tena iwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Boxer ukiisimamisha kijiweni asubuhi, jioni inaweza kuwa imepata mtu. Kruza inasubiri mtu mmoja anayeitaka, na mtu huyo anajua kwamba yuko peke yake. Hilo linakuumiza ukiuza, lakini ukinunua mtumba linakusaidia: mwenye kruza iliyokaa miezi akiitangaza atakusikiliza. Kama tairi la nyuma limeisha na dukani halipo, toa kwenye bei gharama ya tairi, ya kuliagiza, na ya wiki utakazopanda daladala ukilisubiri.